Seti ya kilemba cha kuvaa kama kofia: kwa mhusika Kalasinga, nyota moja

Seti hii huuzwa mtandaoni na kwenye maduka ya mavazi ya maigizo kwa majina mengi: kilemba cha Kihindi, kilemba cha sultani, kilemba cha maharaja. Ukifungua mfuko unakuta kofia ya satini iliyoshonwa ionekane kama kilemba, kito cha plastiki chenye unyoya, ndevu nyeusi zenye mpira wa kupitisha kisogoni, na pengine jambia la plastiki la kuchomeka mkandani. Wanaoinunua ni watengenezaji wa vichekesho vya TikTok na YouTube, vikundi vya maigizo vya shule na watu wa matangazo, pale mtunzi anapoandika kwenye script neno moja tu: "Kalasinga", yaani Sikh.

Kwa sherehe ya watoto yenye jini wa kwenye taa, haina neno. Kwa mhusika Kalasinga tunaipa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa sababu kofia inafulika.

Tuanze na kofia. Ndani ina sponji au kadibodi, juu yake satini ya polista, na mikunjo imeshonwa kwa mashine ikazunguka kichwa kama chatu aliyejikunja. Mshono mmoja unateremka kisogoni. Kamera ikiwa mbele hauonekani. Mwigizaji akigeuza shingo tu, siri imetoka. Satini inarudisha mwanga wa taa, kwa hiyo kichwa kinang'aa kuliko uso, na mpiga picha akipunguza mwanga ili kuiokoa kofia, uso unazama gizani, hasa wa mwigizaji mweusi. Tena polista haipitishi hewa. Chini ya taa za studio jasho linaanza kushuka mashavuni mapema, na ndevu za mpira zinaanza kuteleza nalo.

Sasa mvalishe mwigizaji na umtazame masikio. Kilemba cha Kalasinga hufunika walau nusu ya juu ya sikio, kwa sababu kila mzunguko hupita sikioni kabla ya kupanda kwenye paji. Kofia ya seti inakaa juu ya masikio yote mawili, kama baraghashia. Tazama na paji. Kwenye kilemba cha kufunga, mikunjo hupanda kutoka kushoto na kulia ikakutana katikati na kufanya pembe, mfano wa herufi V iliyopinduliwa, na chini ya pembe hiyo huchungulia pembetatu ndogo ya kitambaa cha ndani, kinachoitwa fifti, mara nyingi cha rangi tofauti. Kwenye seti hakuna pembe wala fifti. Kuna mizunguko iliyolala sambamba, na katikati kito na unyoya. Kito hicho ni pambo la bwana harusi au mfalme. Mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road haendi nacho kazini.

Hizo ni kasoro za mshonaji. Kubwa kuliko zote ni kwamba kofia inavuka kwa kidole kimoja. Haijafungwa popote, imekaa tu, na mtunzi wa vichekesho akiona kitu kinachovuka kirahisi hawezi kujizuia: kilemba kitadondoka, kitapeperushwa na feni, kitageuzwa bakuli, mtoto atakikimbiza uwani. Nusu ya mizaha ya namna hii haikuanzia kwenye script. Ilizaliwa siku ya mazoezi, kofia ilipoanguka yenyewe na watu wakacheka. Kilemba kilichofungwa kwa mita tano za pamba hakidondoki kwa kupigwa kikumbo. Na kumvua mtu kilemba, miongoni mwa Wapunjabi, ni kumvunjia heshima mbele za watu. Kilemba ndicho kifuniko cha nywele zisizokatwa, kesh, mojawapo ya alama tano zinazotokana na Khalsa, jumuiya ya Masikh waliobatizwa, iliyoundwa na kiongozi wao wa dini Guru Gobind Singh mwaka 1699. Nyingine ni kitana, bangili ya chuma, kirpan (upanga mfupi), na kaptula ya pamba inayovaliwa ndani. Mtazamaji asiyejua hayo anaona kofia imeanguka. Kalasinga aliyeko sebuleni na watoto wake anaona kitu kingine kabisa.

Ndevu ndizo zinazofuata kwa ubaya. Zimekatwa sare kama brashi, zinaanzia chini ya mdomo, na hazina sharubu, au sharubu zimebandikwa kando zikaacha ngozi katikati. Nywele za usoni hazioti hivyo. Kalasinga asiyekata ndevu huziacha ziteremke, au huzikunja chini ya kidevu, akazipaka jeli na kuzifunga kitambaa mpaka zilale. Ndevu za seti hazikunjiki, maana zimefumwa juu ya wavu mgumu. Mwigizaji akicheka, kidevu kinashuka na ndevu zinabaki juu.

Jambia lenyewe ni la kuchekesha. Ni bapa, limejikunja vikali, na linachomekwa mbele ya tumbo. Mtu wa Pwani akiliona atasema huyu ni Mwomani anakwenda harusini, na atakuwa amesema kweli zaidi ya aliyelitia kwenye mfuko. Kirpan huning'inia ubavuni kushoto kwa mkanda wa kitambaa, gatra, unaopita juu ya bega la kulia. Huvaliwa na waliobatizwa kwa amrit, maji matakatifu ya sukari, si kila Kalasinga, na wengi huivaa chini ya shati. Haichomolewi ili kutisha mtu. Mhusika anayechomoa kirpan kwa sababu mteja amekataa kulipa bili si Kalasinga mwenye hasira. Ni mhusika aliyetungwa na mtu ambaye hajawahi kukaa na Kalasinga hata mara moja.

Seti hii haikuzuka tu. Sinema za Magharibi zilimzoea mtu mwenye kilemba kama mlinzi asiyesema. Katika filamu ya James Bond ya mwaka 1983, Octopussy, Gobinda ni pande la mtu lenye kilemba na ndevu, na kinachokumbukwa zaidi ni pale anapozisaga dadu kwa kiganja. Anayemwigiza, Kabir Bedi, ni mtoto wa baba Sikh, kwa hiyo suala si asili ya mwigizaji. Suala ni kwamba mhusika hana mke, hana deni, hana mzaha. Ana mkono tu. Mwaka mmoja kabla, katika Annie, mlinzi wa tajiri anaitwa Punjab, ana kilemba cheupe na nguvu za ajabu, na ameigizwa na Geoffrey Holder wa Trinidad. Jina la jimbo zima limekuwa jina la mtumishi, na kilemba kimekuwa kifaa cha uganga. Ukiweka picha za wahusika hao wawili kando ya seti tunayoichambua, unaona fundi aliinakili wapi.

Kwenye michezo ya kompyuta mambo yalizidi. Hitman 2: Silent Assassin, iliyotoka mwaka 2002, ilimpeleka muuaji wa kukodiwa mpaka kwenye jengo lililofanana na gurudwara, nyumba ya ibada ya Masikh, na waliotakiwa kuuawa humo walikuwa na vilemba. Mashirika ya Masikh yalilalamika, yakikumbusha kwamba mwezi Juni 1984 jeshi la India lilivamia Harmandir Sahib ya Amritsar, gurudwara yao tukufu kuliko zote, na watu wengi wakafia ndani. Kampuni ya Eidos iliomba radhi na kurekebisha matoleo yaliyofuata. Tunaitaja kwa sababu watengenezaji wa michezo nao hununua vilemba: vya kidijitali, kutoka maktaba za maumbo ya tayari, na vina kasoro zilezile za masikio na paji.

Halafu Gucci. Februari 2018 jijini Milan, kampuni hiyo ilipitisha jukwaani wanamitindo wazungu wakiwa na vilemba vya kuvaa kama kofia, na mwaka uliofuata kimoja kikawekwa kwenye tovuti ya maduka ya Nordstrom kwa dola 790. Masikh walipolalamika, Nordstrom ikakiondoa na kuomba radhi. Kwa upande wa ushonaji kilikuwa safi mara mia kuliko hiki cha mfukoni: pembe ya paji ipo, kitambaa hakimeremeti, mikunjo imepangwa. Ndiyo maana kinasaidia kuelewa jambo. Kofia ya dola 790 na kofia ya mfuko wa plastiki zina kosa moja, nalo ni kwamba zinavuliwa na kutundikwa kwenye kigingi, kazi ikiisha.

Kuna anayeuliza, si ni utani tu? Siku nne baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Balbir Singh Sodhi alipigwa risasi akafa nje ya kituo chake cha mafuta huko Mesa, Arizona, alipokuwa akipanda maua. Aliyemuua alikuwa akitafuta wa kulipiza kisasi, akaona kilemba na ndevu. Agosti 5, 2012, mtu mwenye bunduki aliingia gurudwara ya Oak Creek, Wisconsin, akaua watu sita, na wa saba alikufa miaka baadaye kwa majeraha ya siku hiyo. Hakuna anayeweza kusema kofia ya satini ilifanya hayo. Ila mtu ambaye maisha yake yote amemwona mwenye kilemba kwenye skrini tu, akiwa mlinzi, mchawi au gaidi, hana picha nyingine ya kuchukua akili inapochemka.

India yenyewe haijasalimika, na pengine huko ndiko seti hizi hufanya kazi nyingi zaidi. Vichekesho vya Santa na Banta, Masardar (ndivyo Masikh wanavyoitwa huko) wawili wasioelewa kitu, na vile vya kwamba Sardar hupotewa na akili ikifika saa sita mchana, vimeshaingia mpaka kwenye sinema. Mwaka 2015 wakili wa kike ambaye mwenyewe ni Sikh alikwenda Mahakama ya Juu ya nchi hiyo akitaka vipigwe marufuku. Mahakama ikaona si kazi yake kuwapangia watu maadili. Waigizaji nyota wasio Masikh huvalishwa kilemba na ndevu zilizopunguzwa zikafuata taya vizuri, uso wa kuuza tiketi usipotee. Singh Is Kinng ya mwaka 2008 ililalamikiwa kwa hilo hilo. Kwetu filamu hizo zimetazamwa sana, na mchekeshaji wa Dar au Nairobi anayemwiga Kalasinga mara nyingi anamwiga mwigizaji wa Mumbai aliyekuwa anamwiga Sardar.

Halafu anaongeza vya kwake: "veve", "dugu yangu", spana mkononi, na sauti ya kukaripia vibarua. Spana ina historia ya kweli. Mafundi Masikh walikuja na ujenzi wa reli kati ya 1896 na 1901, wahunzi, maseremala na waashi, na wengi walibaki na karakana zao. Kwa hiyo fundi Kalasinga si uongo. Uongo ni kwamba hakuna mwingine. Joginder Singh alishinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976, ya kwanza kwa Volvo na mbili za mwisho kwa Mitsubishi Lancer. Makhan Singh alisimama ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Aprili 1950 akadai uhuru wa Afrika Mashariki, akawekwa kizuizini mpaka 1961. Avtar Singh Sohal alikuwa nahodha wa Kenya ya mpira wa magongo kwenye Olimpiki. Na dereva yeyote wa lori la Mombasa anaijua gurudwara ya Makindu, anakosimama akala bila kuulizwa dini wala kudaiwa senti. Hiyo peke yake ni sehemu tatu za tamthilia, na haihitaji mtu kuharibu Kiswahili. Kalasinga wa kizazi cha tatu au cha nne Kisumu anakisema kuliko mtunzi wa script.

Basi badala ya seti, nunua kitambaa. Unahitaji pamba nyepesi, voili au melimeli, upana wa karibu mita moja, urefu wa mita 5 hadi 6. Chini ya hapo kitakuishia kabla ya kufunika utosi. Zaidi ya mita 7 kichwa kinakuwa kizito na kikubwa kuliko mabega. Rangi haionyeshi cheo. Bluu na rangi ya machungwa hupendwa kwenye shughuli za dini, Wanamdhari, dhehebu mojawapo la Masikh, huvaa nyeupe iliyolala sawa kwenye paji, na mtu wa ofisini anaweza kulinganisha na tai yake. Ukimvalisha mhalifu wako cheusi na mwema wako cheupe, umejitungia mwenyewe.

Mwigizaji asiye na nywele ndefu atengenezewe fundo: kitambaa kilichoviringwa ukubwa wa chungwa dogo, kibanwe utosini kuelekea mbele kidogo, kisha fifti ifungwe juu yake kukaza kichwa chote. Bila fundo kilemba hakina cha kushika na kitakuwa bapa juu. Nyunyizia kitambaa maji kidogo. Watu wawili washike ncha, wavute kwa mshazari mpaka kinyooke, wakunje kwa urefu mara mbili au tatu hadi ubaki ukanda wa sentimita 10 hadi 15. Ukiwa peke yako, funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango. Hatua hii huitwa puni, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kitambaa kikiwa kikavu mikunjo inavimba kama mto. Kikilowa mno kinanyooka sasa na kulegea kikishakauka, katikati ya tukio. Ukikikunja chembamba sana utapata kamba.

Mvaaji hubana ncha ya kuanzia kwa meno. Mzunguko wa kwanza unatoka nyuma, unapita sikioni, unapanda kwenye paji na kushuka upande wa pili, chini kabisa kisogoni. Unaofuata unapanda upande ule mwingine, na kila mmoja unaupisha wa kabla yake kwa upana wa kidole, mpaka upate mikunjo minne hadi sita kila upande. Wa mwisho unafunguliwa ukafunika utosi na kuchomekwa nyuma. Ndipo ile ncha ya mdomoni inaachiwa, inavutwa juu, inatandazwa na kufichwa. Nyoosha mikunjo kwa sindano butu ya chuma, salai, ambayo pia hurudisha nywele za pembeni ndani. Usikaze kwa hofu ya kufunguka. Baada ya saa mbili mwigizaji ataumwa kichwa na ataanza kukishikashika mbele ya kamera. Aliyezoea hufunga kwa dakika kumi au chini ya hapo. Anayejifunza mpangie nusu saa, na umpigie picha kutoka pande nne kila siku ukihesabu mikunjo, maana kesho kitafungwa upya na tukio ni lilelile.

Mtindo unaoitwa wa Kenya, ule mkali wenye ncha mbele na kitambaa kilichopigwa wanga, usiujaribu bila mtu anayeujua. Ukikosewa kidogo tu watazamaji wa Nairobi watauona kabla hujamaliza kuupakia. Na kwa jumla, mlipe mtu wa jamii hiyo aje akufungie. Gurudwara nyingi zina anayewafundisha vijana kufunga vilemba, na atakuambia pia mambo ambayo hukufikiria kuuliza: kwamba mhusika mwenye kilemba hapigwi picha na sigara mdomoni, kwamba bangili ni ya chuma isiyo na nakshi wala si dhahabu ya kuigiza, kwamba wa kumwigiza Guru yeyote hatafutwi kabisa, na kwamba ukiruhusiwa kupiga picha ndani ya gurudwara, wote, pamoja na mshika taa, wavue viatu na wafunike vichwa, na pakiti za sigara zibaki garini.

Ndevu nunua zilizofumwa kwenye wavu laini wa kubandika kwa gundi ya uigizaji, vipande vitatu: sharubu, mashavu na kidevu. Zibandike kabla ya kilemba, ili ncha za mashavuni zifichwe na mkunjo wa sikioni. Kazi ikiisha, kitambaa kifuliwe kwa mkono na sabuni isiyo kali, kikamuliwe bila kusokotwa, kivutwe na watu wawili kikiwa bado na unyevu, kisha kikunjwe na kuwekwa rafuni peke yake, mbali na wigi na viatu. Hakihitaji pasi.